Kikapu cha Shangazi Kalolaine

Kila Jumapili, kabla kengele ya kanisa haijalia mara ya pili, mji wa Neiafu, huko Tonga, ulikuwa umekwisha kujaa moshi wa matanuri ya ardhini. Naite aliamka moshi ukiwa puani. Alioga, akavaa gauni lake jeupe, akajifunga mkeka kiunoni kama ilivyo heshima ya kwenda ibadani, kisha akamtolea baba yake sare ya kwaya aliyoipiga pasi jana yake. Ibada ilipokwisha alijua kazi inayofuata: kwenda kwa shangazi kuchukua kikapu.

Naite alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Tangu mama yake aende New Zealand kuchuma matufaha kwa msimu mzima, nyumbani walibaki wawili, yeye na baba yake Folau, pamoja na nguruwe jike aliyezurura uwanjani kama mwenye nyumba. Folau alikuwa fundi wa injini za mashua pale bandarini. Alikuwa na sauti nzito, roho nyeupe na mwili mkubwa sana. Huko kwao mwili mkubwa haukuwa aibu. Watu waliutazama wakasema, "Nyumba ile inapendana."

Na kweli Folau alipendwa. Mama yake alipofariki yeye angali mdogo, ni dada yake mkubwa, Kalolaine, aliyembeba mgongoni na kumlea. Hata sasa, Folau akiwa na mvi, dada huyo alimjazia kila Jumapili kikapu kizito: viazi vikuu, nyama ya nguruwe, na lu, yaani majani ya magimbi yaliyofungiwa nyama ya kopo na tui zito, yakaokwa mpaka yakalainika. Kukataa kikapu hicho hakukuwezekana. Kwa watu wa Tonga, dada wa baba ndiye mkubwa wa ukoo, na neno lake halirudishwi.

Siku moja ya likizo, Naite alimsindikiza baba yake hospitalini. Nesi Eseta alifungua bendeji iliyokuwa mguuni mwa Folau, akakunja uso.

"Kidonda hiki kina muda gani?"

"Kidogo tu, nesi. Niliangukiwa na spana."

"Kidogo kwa kalenda ya nani?"

"Tangu mama aondoke," Naite akadakia. Baba yake alimkata jicho.

Nesi alimpima sukari, presha na uzito, kisha akavuta kiti akaketi karibu naye. "Folau, sikufichi. Sukari imepanda, na uzito huu ndio unaoisukuma. Hali ikiendelea hivi kidonda hakitapona, na siku moja daktari atakuja kuzungumza nawe habari za kukata mguu. Tuna mpango hapa wa kupunguza uzito chini ya uangalizi wa daktari. Utakuja kila wiki upimwe. Chakula tutakupangia, mazoezi tutakuonyesha, na dawa daktari atazibadilisha kadiri mwili unavyobadilika. Lakini usijaribu peke yako. Ukimeza dawa zako za sukari bila kula, sukari itashuka ghafla na utaanguka."

"Na Jumapili je?" Folau aliuliza.

"Jumapili tumbo lako unaliacha nyumbani?"

Naite alicheka. Folau hakucheka. "Nitafikiria, nesi."

"Fikiria, ila usichelewe. Nafasi ni chache, na mwezi ukiisha nitampa mwingine yako."

Njiani kuteremka kilimani, Naite hakuweza kunyamaza. "Baba, kwa nini hukukubali pale pale?"

"Nikikubali, kikapu cha shangazi yako nikipeleke wapi?"

"Si umwambie tu?"

"Nimwambie nini, mwanangu? Kaka na dada hawazungumzi habari za mwili. Ni mwiko, unajua. Na hata usingekuwa mwiko, mdomo wangu ungeanzia wapi? Yule alikuwa akijinyima tonge anipe mimi. Leo nimwambie chakula chake kinaniua?" Alitembea kidogo, akasimama kupumua. "Nitajipunguza mwenyewe, kimyakimya. Kikapu kikija, wewe kitafutie njia. Ukirudisha, sema baba amekula, amemaliza, anashukuru."

Naite alifurahi kuaminiwa. Jumapili iliyofuata alikitafutia njia kile kikapu. Kuwapa majirani hakukufaa, maana majirani wana midomo, na kabla sahani hazijakauka habari ingemfikia shangazi. Basi alizunguka nyuma ya nyumba, akamwaga kila kitu mbele ya nguruwe. Nguruwe hakuuliza swali lolote.

"Baba amekula, amemaliza, anashukuru," alisema aliporudisha kikapu kitupu.

Shangazi Kalolaine alikipindua, akakitazama ndani. Siku zote kilikuwa kikirudi na mabaki. "Kimeisha chote? Masikini ndugu yangu! Kumbe alikuwa na njaa, nami sijui!"

Wiki iliyofuata kikapu kilikuwa kizito zaidi. Nacho kikarudi kitupu. Baada ya hapo shangazi akaanza kutuma kingine katikati ya wiki. Kadiri vilivyorudi vitupu ndivyo alivyozidisha, na kadiri alivyozidisha ndivyo nguruwe alivyonenepa, hata akawa anatembea kwa kujivuta.

"Nguruwe wenu anakula vizuri kuliko mchungaji," Sulieti, rafiki yake Naite, alimtania. "Mnampa nini?"

"Maganda ya ndizi tu," Naite akajibu, na uso ukamwaka moto. Huo ulikuwa uongo wa ngapi? Hakujua tena. Uongo ulikuwa umezaa, na watoto wake walitaka kulishwa kila siku.

Folau naye alikuwa hali chakula cha maana. Alikunywa chai asubuhi, akameza dawa zake, akashinda na njaa akidhani ndiyo tiba. Alasiri moja Naite alimkuta bandarini ameketi chini kando ya injini aliyokuwa akiifungua. Jasho lilimtoka kama maji, mikono ilitetemeka, na alipoitwa jina aliitika kwa maneno yasiyoeleweka. Naite alikumbuka maneno ya nesi. Alikimbilia birika la mafundi, akatia sukari tele katika kikombe cha chai, akamnywesha baba yake polepole. Baada ya muda macho ya Folau yalirudi kuwa yake.

"Usimwambie mtu," alisema kwa sauti dhaifu.

"Sawa, baba," Naite akajibu. Siku za mwezi zilikuwa zinakwisha. Nafasi ile ingepewa mwingine, kidonda kingebaki, na siku moja angemkuta baba yake pale chini na chai isimsaidie.

Jioni ile alikwenda kurudisha kikapu. Alimkuta shangazi amekaa mkekani, mbele yake kipande cha muhogo wa kuchemsha na kikombe cha chai kavu. Hakukuwa na kingine.

"Shangazi, mbona unakula muhogo mtupu? Nyama yako iko wapi?"

Shangazi Kalolaine alicheka. "Nyama ninayo. Iko tumboni mwa ndugu yangu. Akishiba yeye na mimi nimeshiba."

Naite alitaka kusema yale maneno yake ya siku zote, baba amekula, amemaliza. Hayakutoka. Badala yake yalitoka machozi.

"Kuna nini? Nani kakupiga?"

"Shangazi, baba hajala. Hajala hata siku moja. Mimi... nilimpa nguruwe."

Shangazi aliweka kikombe chini.

"Nguruwe?"

"Ndiyo, shangazi."

"Mimi Kalolaine natafuna muhogo mkavu, na nguruwe anakula lu yangu?"

"Ndiyo, shangazi." Naite alipiga magoti, akainamisha kichwa kusubiri kofi.

Kofi halikuja. Alipoinua macho aliona shangazi ameumia kweli, midomo inamcheza. Basi Naite akamweleza yote bila kubakiza: kidonda, sukari, mpango wa hospitali, habari ya kukatwa mguu, na jinsi baba alivyoishiwa nguvu bandarini siku ile ile. Mwiko ulikuwa kati ya kaka na dada. Yeye haukumfunga.

Shangazi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka, akatwaa mkeka wake mzuri wa siku za sherehe, akaufunga kiunoni.

"Twende," alisema.

Walipofika nyumbani kwa Folau, shangazi hakuingia. Aliketi kwenye ngazi ya nje, akaugeuzia mlango mgongo ili asiuvunje mwiko. Folau alikuwa sebuleni, hatua chache tu kutoka pale, na aliposikia sauti ya dada yake alikaa wima.

"Naite," shangazi aliita kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, "mwambie baba yako nimekuja."

Naite alisimama mlangoni kati yao. "Baba, shangazi anasema..."

"Nimesikia," Folau akajibu.

"Mwambie asijibu kabla hajaambiwa!"

"Baba, usijibu kabla sijakuambia."

"Haya," Folau alisema, akijikaza asicheke.

Lakini sauti ya shangazi ilibadilika. "Mwambie hivi. Mama alipokufa aliniachia mtoto mmoja mkononi. Nilimlisha ili aishi. Sikumlisha ili nimzike. Anayedhani nataka sahani tupu kuliko ndugu mzima, hanijui. Mwambie, Naite."

Naite aligeuka amrudie baba yake maneno hayo. Hakukuwa na haja. Kule ndani Folau alikuwa amejifunika uso kwa viganja, mabega yake makubwa yakitikisika.

"Na mwambie," shangazi aliendelea, "mimi ni dada yake na neno langu halirudishwi. Nilipompa chakula alipokea. Sasa nampa amri, aipokee vilevile. Kesho asubuhi aende kwa yule nesi aseme ndiyo."

Folau alijipangusa uso. Kisha alisema polepole, "Naite, mwambie shangazi yako nitakwenda. Siendi kwa sababu ya amri peke yake. Nimechoka kuogopa. Mwambie nilidhani kukataa chakula chake ni kukataa malezi yake, na ndiyo maana nikakufundisha uongo, mwanangu. Mwambie anisamehe. Nawe unisamehe."

"Mwambie amesamehewa," shangazi alisema, akijipangusa macho kwa ncha ya gauni. "Nguruwe ndiye sijamsamehe."

Asubuhi Folau alipanda kilima mpaka hospitalini, na nafasi yake ilikuwa bado ipo. Shangazi Kalolaine naye alimfuata nesi siku nyingine, na kikapu chake mkononi, akataka kujua kinaruhusiwa kubeba nini. Nesi alimwambia samaki, majani ya magimbi kwa wingi, papai bichi, na kiazi kikuu kipande.

"Na tui?"

"Kijiko kimoja."

"Kijiko! Hata paka atanicheka." Lakini alitii. Tangu siku hiyo kikapu kilikuja chepesi, na Folau alikimaliza kweli.

Haikuwa kazi rahisi. Kulikuwa na wiki ambazo mizani haikusogea, na siku moja Folau alirudi kutoka karamu ya kanisa akiwa amekula asichopaswa. Alimweleza nesi ukweli, nesi hakumgombeza, wakaanza tena. Daktari alimpunguzia dawa moja, kisha nyingine. Kidonda kilianza kukauka kingo, kikajifunga. Matufaha yalipokwisha kuchumwa na mama yake Naite kushuka kwenye ndege, alimpita mumewe bila kumtambua, ikabidi Folau amwite kwa sauti yake nzito.

Jumapili ile walikula pamoja, shangazi akiwa amekaa mahali pake pa heshima. Folau aliomba baraka ya chakula, na sala yake ilikuwa ndefu kwa sababu alikuwa na wengi wa kuwashukuru. Alimshukuru Mungu kwa nesi Eseta na daktari, kwa mguu uliobaki mahali pake, kwa mkewe aliyerudi salama, na kwa dada aliyemlea mara mbili. Mwishoni akasema, "Na kwa binti yangu, aliyenivunjia siri yangu akaniokoa."

Baada ya amina, shangazi alimgeukia Naite, ingawa kila mtu alijua maneno yanamwendea nani pia.

"Sikiliza, mtoto. Ulinidanganya kwa kunihurumia, nikazidi kupika, baba yako akazidi kudhoofika. Uliponiambia kweli niliumia siku moja tu, na leo sote tuna afya. Mtu aliyekutendea wema usimlipe kwa uongo mtamu. Mwambie kweli kwa heshima, naye atajua la kufanya. Hiyo ndiyo shukrani. Na mwili ukiugua, uutunze kwa msaada wa wanaoujua, usiufiche."

"Nimesikia, shangazi," Naite alisema. "Nashukuru."

"Nami nashukuru," Folau akaongeza, akisogeza sahani yake, iliyokuwa imebaki na miiba ya samaki tu.

Wote walikuwa wameshiba, wote walikuwa na furaha. Aliyelalamika alikuwa mmoja tu: nguruwe, aliyesimama nyuma ya nyumba mbele ya maganda yake ya ndizi, akikingojea kikapu.