Tumbo la Alhamisi

Siku nyingine zote Nanyama alimaliza chai yake kabla baba hajafunga kamba za buti. Alhamisi kikombe kilibaki kimejaa mpaka chai ikafanya utando juu. Mama yake, Nasimiyu, alimgusa kipaji cha uso kwa nyuma ya mkono, akakikuta hakina joto.

"Ni pale pale?"

Nanyama aliitikia kwa kichwa. Ni pale pale, juu ya kitovu, na tumbo lilikuwa likisokota kwelikweli.

Walikaa Waithaka, upande wa magharibi wa Nairobi. Mama alipiga pasi katika duka la dobi huko Muthangari. Baba, Sifuna, alikuwa fundi wa mabomba, na siku hizo alikuwa na kazi kwenye jengo moja Loresho. Hawakuwa watu wa kupuuza ugonjwa. Tumbo liliposokota mara ya kwanza, mama alimpeleka mtoto kwenye duka la dawa karibu na steji ya matatu. Muuzaji aliuliza mtoto ana nini, mama akajibu. Aliuliza limeanza lini, mama akajibu. Wakapewa dawa ya taifodi. Dawa ilipoisha na tumbo likarudi, wakapewa ya amiba, halafu ya minyoo. Nyumbani maji yalichemshwa, sukumawiki ikaoshwa kwa chumvi, na Nanyama akakatazwa chapati zilizouzwa nje ya lango la shule. Alimeza kila kidonge bila kulalamika, akijua hakitamsaidia.

Alhamisi ndiyo siku ambayo wanafunzi wa gredi ya saba, darasa la Nanyama, walisimama mbele ya darasa kuwasilisha miradi yao.

Si kwamba hakujua masomo. Insha zake Mwalimu Nzomo alilisomea darasa kama mfano. Lakini watu wakimtazama, moyo ulimwenda mbio, viganja vikalowa jasho, na maneno aliyoyajua vizuri yakamtoroka. Hata dukani, ambapo mnunuzi huita "Kastoma" kwenye wavu wa chuma ndipo mwenye duka atoke, aliwahi kusimama kimya huku waliokuja baada yake wakihudumiwa na kuondoka. Alirudi nyumbani akasema unga umekwisha dukani.

Muhula huo aliitwa mbele pamoja na Shiru, rafiki yake wa dawati moja. Mwalimu Nzomo alipomwona anasita, aliliomba darasa limtie moyo. Wakampigia makofi ya kilo: moja, mbili, tatu, kisha pigo moja zito la pamoja. Mwalimu alikusudia wema. Matokeo yake ni kwamba hata waliokuwa wakichora vikaragosi kwenye viti vya nyuma waliinua vichwa. Nanyama alifungua mdomo, ikatoka pumzi tupu.

"Bando zimemwishia," Ogutu akasema kutoka nyuma.

Darasa likaangua kicheko, na Shiru akawasilisha mradi peke yake. Tumbo lilianza Alhamisi iliyofuata, na tangu hapo kila Alhamisi akabaki nyumbani. Habari za dawa zilipofika shuleni, Ogutu alipata jina jipya la kumwita. "Niaje, Taifodi," alimwamkia kila Ijumaa. "Wodi wamekuachilia?"

Jumapili moja, baada ya kanisa, baba alisukuma sahani yake kando na kusema kwamba amekwisha kuzungumza na watu wa nyumbani, mashambani. Shule zikifungwa, Nanyama angehamia Kimilili kwa kukhu, yaani bibi yake, asomee huko. Maji ya huko ni ya chemchemi, alisema, na mboga mtu anajua shamba zilikotoka. Hapa mjini tumbo hili litammaliza.

Nanyama alitazama ugali wake. Kukhu alimpenda. Lakini Kimilili kungekuwa na darasa zima la watu asiowajua, wote wakimkodolea macho mgeni kutoka Nairobi, na Shiru hangekuwako. Tumbo lingesafiri naye. Ili aizuie safari hiyo, ilimbidi aseme ukweli, na ukweli ulikuwa na shida yake. Mzee Mungai, mwenye nyumba, aliwahi kuuliza kama mtoto huyu hakwepi shule tu. Baba alimjibu kwa ukali, "Mtoto wangu si mtoro. Mtoto wangu ni mgonjwa." Sasa kama hakuwa mgonjwa, alikuwa nani? Alimalizia ugali wake. Kesho yake mama alianza kuchambua nguo zinazomtosha na zisizomtosha.

Kabla ya safari mama alitaka vipimo kamili, ili kukhu akabidhiwe mtoto pamoja na majibu ya hospitali. Walipokelewa na daktari aliyeitwa Wamucii, mwanamke wa maneno machache. Alipima damu, akapima choo, akabonyeza tumbo taratibu. Hakukuwa na taifodi wala amiba. Hakukuwa na kitu chochote.

"Linaanza saa ngapi?" alimuuliza Nanyama.

"Asubuhi, daktari," mama akajibu. "Na hali kitu."

"Mama, ngoja kidogo. Nataka nimsikie mwenye tumbo."

Mama alivumilia, kisha akajibu tena. Daktari Wamucii alimwomba, kwa heshima, akakae kwenye benchi la nje. Mlango ulipofungwa, Nanyama bado hakusema. Daktari hakumkazia macho. Aligeukia sinki, akanawa mikono polepole, na kumwambia huku amempa mgongo kwamba ukutani pana kalenda. Haikuwa lazima aseme, aguse tu siku tumbo lilipouma.

Nanyama aligusa Alhamisi. Akagusa ya juu yake, na ya juu yake tena.

Daktari alikausha mikono, akatazama. "Alhamisi kuna nini?"

"Kusimama."

"Kusimama wapi?"

"Mbele ya watu." Baada ya hapo mengine yalitoka yenyewe, kwa sauti ya chini: makofi, kicheko, duka na unga. Mwisho alisema, "Nimewadanganya wazazi."

"Tumbo linauma au haliumi?"

"Linauma."

"Basi hapo hukudanganya. Kuhusu unga ulidanganya. Na Alhamisi uliificha, ndiyo maana umetibiwa magonjwa ambayo huna. Sasa, nimweleze mama mimi, au utamweleza mwenyewe?"

Nanyama alitazama mlango. "Mimi," alisema. "Lakini usitoke."

Mama alipoitwa ndani, Nanyama alimweleza huku akitazama sakafu. Nasimiyu alisikiliza hadi mwisho, uso umekaza kama wa mtu aliyepigwa kofi hadharani.

"Hata mimi unaniogopa?"

"Si wewe, mama. Ni macho yakiwa mengi."

Daktari Wamucii alieleza bila kupamba. Hofu ikizidi, mwili huitikia kana kwamba kuna hatari: moyo hukimbia, tumbo hujikaza, na maumivu yake ni ya kweli. Si uvivu, wala hayaponi kwa kuhama. Dawa za taifodi zikimezwa ovyo, siku taifodi yenyewe itakapokuja zinaweza zisifanye kazi. Angempeleka Nanyama kwa mshauri wa hospitali. Shuleni angeanza kidogo: aongee na mwalimu peke yake, kisha na wenzake wachache, kisha darasa zima.

Jioni baba alielezwa yote. Halafu akauliza, "Kwa hivyo Kimilili?"

"Baba Nanyama, hata Kimilili kuna watu," mama akasema.

Safari ikafutwa. Mama alikwenda shuleni, na Mwalimu Nzomo akakiri kwamba makofi yale hakuyafikiria vizuri. Akamwita Ogutu faraghani, na jina la Taifodi likakoma, ingawa si siku hiyo hiyo. Kwa majuma kadhaa Nanyama aliwasilisha kazi yake ofisini, halafu ofisini akiwa na Shiru, halafu kwa kikundi chao pembeni ya darasa. Kuna siku alishindwa, akaambiwa ajaribu tena.

Hatimaye, Alhamisi moja, alisimama mbele ya darasa. Tumbo lilikuwa likisokota tangu alfajiri. Alisoma sentensi mbili kuhusu mbolea ya mabaki ya mboga, sauti ikakatika. Mtu alikohoa. Shiru hakumsaidia, maana walikubaliana asimsaidie. Nanyama alitafuta mstari kwa kidole, akaupata, akasoma ile ya tatu na ya nne, kisha akaenda kuketi.

Baada ya kipindi Mwalimu Nzomo alimkuta kwenye veranda.

"Hofu imeisha?"

"Haijaisha, mwalimu."

"Sikudai iishe. Ila umeona wewe mwenyewe. Ulipoficha kinachokuuma, watu waliokupenda walikupa dawa ya kitu kingine, na walikuwa karibu kukuhamisha. Uliposema, tulijua pa kuanzia. Mtu mzima pia hujifunza hilo, na wengine tunachelewa." Akafungua daftari lake. "Alhamisi ijayo utasoma sentensi ngapi?"

Nanyama aliangalia uwanja, watoto wakikimbia na kupiga kelele.

"Tano," alisema.