Phanice Arudi Sironga Jazi

Alhamisi, siku ya soko Daraja Mbili, Phanice alikuwa ameinamia mkungu wa ndizi, leso ya manjano kiunoni, aliposikia mtu nyuma yake akimwambia muuzaji.

"Mama, huyu mteja mwangalie. Huzibonyeza zote, kisha hanunui."

Sauti hiyo aliijua. Ongeri, mpiga gitaa wa Sironga Jazi, bendi aliyoiimbia Phanice zamani. Aligeuka akamkuta na mvi kichwa kizima, koti la buluu limenyooshwa pasi, viatu vinang'aa juu ya tope.

"Kumbe bado uko," Phanice alisema.

"Niko. Na bendi imerudi. Tumebaki wanne, tunarekodi albamu pale Nyamira. Tunataka sauti yako."

"Wasichana wamejaa huko."

"Tulimjaribu mmoja. Anaimba vizuri, lakini anaimba kama mtu ambaye hajawahi kunikasirikia."

Phanice alitaka kucheka, hasira ikamzuia. Miaka ishirini na mitatu iliyopita walikuwa wamepatana kwenda Nairobi pamoja. Alimngoja kwenye stendi ya Kisii tangu alfajiri hadi saa kumi, wala hakutokea. Baadaye Phanice aliolewa, akafiwa na mume, akawa mwimbaji wa kwaya ya Wasabato. Alilipia ndizi zake akaenda bila kuaga.

Jioni simu ililia.

"Phani, nimekukosea nini?"

"Uliniacha stendi na begi mkononi."

"Stendi? Mimi nilikuja kwenu Mosocho kukuchukua. Baba yako akaniambia umetoka na begi gizani. Nikajua umenikimbia."

"Nilikuwa nimeenda stendi kukungoja, wewe mtu."

"Mbona hukuniuliza?"

"Na wewe?"

"Niliona aibu."

"Hata mimi," alisema Phanice. Alikaa kitandani, machozi yakimtiririka, simu sikioni. Hakuna aliyekata.

Jumapili alivaa gauni jekundu ambalo kanisani hawakuwahi kuliona, akaenda Nyamira. Alijua wazee wa kwaya watalisikia jambo hilo kabla jua halijatua. Alisimama mbele ya maikrofoni, akafumba macho, akaimba. Sauti ilikuwa imezama kidogo, imekomaa. Katikati ya ubeti gitaa lilinyamaza.

"Umesahau nyuzi?" Phanice aliuliza.

"Nimesahau kila kitu. Phani, nikienda kwa kaka yako Obwocha kukuposa, utanikataa?"

"Obwocha ana maneno mengi, nenda asubuhi. Sasa piga gitaa, watu wanangoja."

Albamu ilitoka Agosti. Kwa kuwa ameimba nyimbo za dunia, wazee wa kwaya walimwambia Phanice apumzike kuimba kanisani kwa miezi mitatu, naye hakubishana nao. Sabato iliyofuata aliketi benchi la mwisho, Ongeri kando yake na tai iliyomkaba. Mume wake mtarajiwa hakujua wimbo hata mmoja wa kanisa. Phanice alimshikia kitabu, akamwonyesha mistari kwa kidole, naye akamfuata polepole, nusu neno nyuma yake.