Alizeti za Kiwanda cha Betri

"Dada, simama! Pindo lako linafagia soko zima."

Mwalimu aligeuka, trei ya miche mikononi, pindo la gauni lake la kijani limefumuka. Mlangoni pa kibanda, katikati ya kelele za soko, alisimama fundi cherehani, futi ya kupimia shingoni, na tabasamu la kumtoa nyoka pangoni.

"Kumbe kazi yako ni kuchunguza mapindo ya watu?"

"Ndiyo inayonilisha. Ingia nikushonee."

Aliingia mara moja tu, akatoka jua limeshapoa. Mapenzi ni kikohozi. Kabla mvua hazijaisha soko zima lilishajua. Simu hazikukatika.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula vumbi, mpenzi. Niko na watu wangu."

Watu wake walikuwa wakazi aliowafundisha kuutunza uwanja wa kiwanda cha betri kilichokufa. Taka zilishazolewa, miti ikapandwa. Upande wa nyuma, ambako udongo ulikuwa bado unaumwa, walipanda alizeti.

Siku ya maonyesho ya kazi hiyo uwanja ulijaa wazazi, walimu na wanafunzi. Fundi naye akaja, shati jeupe limenyooshwa pasi barabara, kakumbatia alizeti alizozichuma mwenyewe kule nyuma.

"Tupa! Usimguse mtoto yeyote!" Mwalimu, glavu mikononi, akamnyang'anya, akazisokomeza kwenye pipa na kulifunga. "Nenda kanawe, haraka!"

Watu wakaangua kicheko. Fundi akanawa, akaondoka bila kuaga.

Tangu hapo hakupokea simu. Mwalimu alijikaza, lakini usingizi ulimpaa kwa hofu ya kumpoteza. Mwishowe akaenda kibandani.

"Umekuja kunitia pipani na mimi?" fundi aliuliza, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani.

"Alizeti zile zinanyonya sumu ya betri ardhini. Tunazivuna kwa glavu, zinaenda kufukiwa mbali na watu. Na wewe ulizikumbatia kifuani. Niliogopa, mpenzi."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Mtaa mzima nimeufundisha. Wewe nikikuona, somo lote linanitoka."

Cherehani ikanyamaza.

"Nilidhani umenionea haya mbele ya wasomi wenzako."

"Nikuonee haya wewe? Nakupenda, we mtu! Hata maua yenyewe sijui yalikuwa ya nini."

"Nilitaka kukuuliza jambo."

"Si uniulize, nipo."

Fundi akaivua futi shingoni, akaizungusha vidoleni kama mwanafunzi wa siku ya kwanza. "Naomba nikushonee gauni la harusi. Na bwana harusi niwe mimi."

Mwalimu alicheka, machozi yakimtiririka. "Nakubali. Lakini mafundi nyie nawajua. Njoo kesho, njoo kesho!"

"Hao ni wateja." Fundi akamvutia kigoda karibu yake. "Wewe usiende popote."

Akakaa.