Mshale Uliofutwa

"Ametoka. Iko na sac nyeusi mgongoni. Amepanda pikipiki nyekundu."

Sauti ya askari wake, Bénita, ilikwaruza ndani ya redio ya Motorola. Afande Uwingabire akakanyaga mafuta. Land Cruiser ikaruka juu ya mawe meusi ya volkeno.

"Anaenda wapi?"

"Kituku, ufukweni. Kuko boti inamungoja."

Saa nne asubuhi. Saa tano lori lingevuka mpaka wa Bunagana.

Lori gani? Malori arobaini yalikuwa kwenye foleni ya forodha. Moja lilibeba viwashio vya mabomu. Aliyejua ni lipi alikuwa mtu mmoja tu mjini Goma: huyo wa pikipiki, Télesphore, mkuu wa wahandisi waliounda mfumo wa kompyuta wa forodha.

Ndiye pia aliyemuuza Munezero, mdogo wake Uwingabire, kwa wakubwa wenye mzigo huo.

Munezero alifanya kazi chini yake. Aligundua mistari michache ya msimbo iliyofungulia lori fulani geti bila ukaguzi. Akaifuta. Wiki iliyofuata ikarudi. Akaifuta tena.

Ikarudi tena.

Mfumo ule haukuandikwa kwa mkono. Ulitoka kwenye AGL, programu ambayo mhandisi huichorea hatua za kazi kwa visanduku na mishale, nayo humwandikia msimbo wote. Ukisafisha msimbo ukauacha mchoro, kosa linazaliwa upya. Munezero akaufungua mchoro. Mshale wa kwenda kwenye ukaguzi ulikuwa umefutwa, kwa namba ya lori moja tu, na namba hiyo ilibadilishwa kila wiki.

"Yaya, nimeshaambia chef, Télesphore," alimpigia dada yake Jumatatu jioni. "Amesema ataangalia."

Jumanne gari lilimgonga pale Munigi.

Kisha likarudi nyuma, likamkanyaga tena.

Uwingabire alifunga breki ufukweni. Wauza samaki walitawanyika na mabeseni yao. Télesphore alikuwa na mguu mmoja ndani ya boti, bastola mkononi.

Alichelewa nusu sekunde kulenga. Uwingabire alinyakua kasia lililolala mchangani, akampiga nalo kifundo cha mkono. Mfupa ulilia. Bastola ikazama.

Glock, bastola ya Uwingabire, ikamgusa paji la uso.

"Fungua ordinateur."

"Mama, mimi nilifuta mshale tu. Sikuua mutu!"

"Fungua."

Alipiga magoti mchangani, akatoa kompyuta kwenye begi jeusi, akaifungua, akaweka kidole kwenye kisomeo cha alama za vidole. Uwingabire akaunganisha intaneti ya simu yake. Mchoro ukajaa kiooni. Kando yake, programu ilikuwa imetunza kila badiliko, na jina la aliyelifanya.

Télesphore. Télesphore. Télesphore.

Katikati yao, mara moja tu, Munezero. Jumatatu, saa tisa alasiri, alikuwa ameurudisha mshale. Saa kumi na moja Télesphore aliufuta tena.

Kidole cha Uwingabire kilikaza kwenye kifyatulio. Macho yake yaliwaka. Kwa pumzi moja ndefu, Télesphore alikuwa maiti.

Kisha pumzi ikatoka.

"Uchore mshale wewe," alisema. "Kwa jina lako."

"Mama, tafadhali..."

"Chora."

Kwa mkono wa kushoto aliuchora mshale. Akabonyeza kitufe. Programu iliandika msimbo upya, ikautuma mpakani.

Uwingabire aliisoma namba ya lori kwenye mchoro, akampigia askari aliyekuwa mpakani. "Fiston, lori lenye namba inayoishia 417."

"Iko mbele ya geti, afande. Sasa hivi taa ilikuwa ya kijani. Ah! Imegeuka nyekundu."

"Fungueni mzigo."

Dakika sita. Maji yaligongagonga boti. Hakuna muuza samaki aliyerudi karibu.

"Afande? Chini ya vitunguu kuko makasha kumi na mbili. Viwashio. Na dereva ameanza kusema, ni yeye aliendesha ile gari ya Munigi."

Uwingabire alifumba macho, kisha akayafumbua.

Bénita alikuwa amefika na pingu. Uwingabire aliinama hadi sikioni mwa Télesphore.

"Wakubwa wako wanaweza kusoma huu mchoro?"

Akatikisa kichwa kukubali.

"Basi wameshaona. Ni weye ulifunga geti."

Rangi ilimtoka usoni. Alimnyooshea Bénita mikono yote miwili, hata ule uliovunjika.

"Nipelekeni gereza, mama. Haraka. Nitasema yote, majina yote!"

"Mupeleke," Uwingabire alisema. "Polepole. Pitia katikati ya mji, wamuone."

Alirudisha Glock kiunoni, akatembea hadi kwa muuza samaki wa karibu, akachungulia beseni lake la dagaa.

"Mama, hizi sambaza ni za leo?"

"Za leo, mama."

"Nifungie."