Soketi Nyekundu

Unajua, msomaji, na unajifanya hujui. Umeme ukikatika unapapasa tochi ya simu, unaguna, unalala. Jirani ambaye pumzi zake zimening'inia kwenye waya humuulizi hali. Mimi naikumbuka kila ahadi ya umeme usiokatika, na waliopiga makofi nawakumbuka pia. Leo hugeuzi uso. Kaa hapo usikie.

Walikutana katika duka la vifaa vya umeme, watu wamesongamana kaunta kama siafu. Msichana alikuwa fundi wa sola: ovaroli ya bluu iliyopauka magotini, kucha nyekundu. Kijana alikuwa mshonaji: shati limenyooka, utepe wa kupimia shingoni, anaomba betri yoyote ile ilimradi kubwa.

"Unataka kuwasha nini, kaka?" fundi akamtania. "Uwanja wa mpira?"

"Mama yangu."

Kicheko kikamkauka fundi mdomoni.

Mama alipumua kwa mashine ya oksijeni, na mtaa ule umeme ulikatika utakavyo. Fundi akafunga paneli, betri, na inveta ya kuugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani. Akaweka soketi nyekundu, moja chumbani kwa mama na moja sebuleni. Hizo tu ndizo zilizolishwa na betri umeme ukikatika. Mashine, taa, chaji ya simu, basi. Pasi, birika na jiko, mwiko: inveta ikizidiwa hujizima, na ikijizima haichagui nani anapumua. Mshonaji akaapa, dada yake akaapa.

Kazi ikaisha, lakini fundi hakuacha kuja kukagua. Betri ile ilikaguliwa kuliko betri zote za mji. Asipofika, simu ililia.

"Mpenzi, inveta inalia."

"Inaliaje?"

"Inakutaja wewe."

Ikafika siku shangazi wa fundi alipotaka kumwona huyo mkwe mtarajiwa. Mshonaji akaipaka sebule rangi nyeupe, na brashi ikapita juu ya soketi nyekundu. Aliona inaharibu ukuta. Mchana, dada yake akiwa anamnyooshea shati la ugeni, umeme ukakatika. Akajaribu soketi hii, kimya. Ile, kimya. Ya tatu ina moto. Akamshukuru Mungu, akaendelea na kola.

Chumbani, mashine ikanyamaza.

Mshonaji akaiwasha inveta, ikawaka, ikazima. Tena ikazima. Midomo ya mama ilikuwa inageuka rangi. Akapiga simu.

"Mtambo wako unamuua mama."

"Kuna pasi au birika kwenye nyekundu, chomoa," fundi alisema, tayari anakimbia, sauti ikirukaruka.

"Hakuna kitu kwenye nyekundu ila mashine. Nakwambia nyekundu nyingine sioni."

"Chomoa kila kitu!"

"Ulichotufungia ni uchafu. Nilikuamini kwa sababu ya macho yako, mjinga mimi."

Fundi akakata simu. Aliingia na ovaroli yake ya kazi, shangazi aliyekuwa anakuja naye amemwacha barabarani, akapita sebuleni, akamkuta dada mtu kaduwaa na pasi, waya bado uko ukutani. Akaung'oa. Akaiwasha inveta. Mashine ikakohoa, ikaunguruma, na kifua cha mama kikapanda.

Ndipo fundi akarudi ukutani. Akakwangua soketi kwa ukucha. Nyeupe ikabanduka, nyekundu ikachungulia. Akamgeukia mshonaji.

"Nani kapaka?"

"Mimi. Nilitaka shangazi yako akute pazuri."

"Ile nyekundu ndiyo niliyomwachia mama imlinde nisipokuwepo. Umeifuta, halafu ukanitukana."

Akaanza kukusanya spana zake. Mshonaji akapiga magoti sakafuni na wembe wa kufumulia mishono, akakwangua rangi, ukingo hadi ukingo wa soketi, huku machozi yakimdondokea mikononi. Fundi akafika mlangoni, akarudi. Kisha akatoa chupa ya rangi ya kucha mfukoni, akachuchumaa kando yake, akapaka palipochubuka.

"Nikuoe," mshonaji akasema bila kuinua uso. "Lakini kwanza nisamehe."

"Kwanza mwombe mama msamaha."

Kutoka chumbani, nyuma ya barakoa, sauti nyembamba ikatoka: "Mimi nimesamehe. Huyo, baba, usimchomoe."

Fundi akacheka akilia. Shangazi alipofika hatimaye, alikuta harufu ya rangi, na mchumba wa watu kapiga magoti. Akasema ameona vya kutosha, siku itajwe.

Nawe usiguse machozi yako, hayana kazi. Inuka sasa hivi. Nenda ukaone kilichochomekwa kwenye waya unaomlinda mtu wako, ung'oe pasi, upake soketi ile rangi isiyofichika. Kisha piga hodi kwa jirani, umuulize anapumulia nini. Simama. Bado umekaa?