Mwanamke wa Picha ya Saba

Katika picha ya saba palikuwa na bega lisilo la mtu yeyote. Mpiga picha alikuwa amempiga picha mzee mstaafu peke yake sebuleni, lakini ukanda wa filamu ulipokauka bafuni, nyuma ya kiti cha mzee alionekana mwanamke aliyeachia nywele.

Hakushtuka sana. Kamera yake ilikuwa kuukuu; ukisahau kusogeza filamu, picha ya pili hukaa juu ya ya kwanza. "Nimesahau tena," alijiambia. Kisha akaikata picha ile na kuificha kwenye mfuko wa koti. Huenda aliona haya tu kwamba kumbukumbu yake imeanza kuzeeka, lakini mkewe angelijuaje hilo? Mkewe alikuwa mshonaji, na mfuko haukuwahi kupita mikononi mwake bila kupekuliwa.

"Huyu nani?"

"Si mtu. Nilisahau kusogeza filamu."

"Sawa. Na huyo uliyempiga picha kabla ya kusahau ni nani?"

Wiki iliyofuata mwanamke yule alitokea tena kwenye filamu, mara hii ameketi kwenye kitanda chao. Bafu nalo likaanza kunuka nywele zilizooshwa sasa hivi, ilhali za mshonaji zilikuwa zimesukwa na kavu.

"Kesho kaka anakuja na gari," mkewe akasema. "Nitaondoka na mtoto. Ila sitaki kukuonea. Leo niachie kamera, wewe toka. Nitapiga mwenyewe, na utaisafisha filamu mbele yangu."

"Na asipoonekana?"

"Nitajua huwa anakuja ukiwepo."

Mkewe alifunga mlango kwa ufunguo, akapiga picha zote kumi na mbili: cherehani, kitanda, binti yao akicheka mkekani. Mumewe aliporudi adhuhuri, filamu ilikuwa bado kiganjani mwake, imelowa jasho.

Waliziba dirisha la bafu kwa blanketi na kusukumia taulo chini ya mlango. Filamu haipaswi kuona hata chembe ya mwanga mpaka iingie ndani ya kopo la dawa. Giza likawa zito. Mume akaanza kuivingirisha kwa kupapasa.

"Shika kifuniko," alinong'ona. "Na usiniwekee mkono begani, nababaika."

"Sijakugusa."

"Acha utani, mama."

"Mume wangu, kifuniko nimekishika kwa mikono miwili."

Hapo gizani mshonaji, ambaye vidole vyake viliweza kutofautisha hariri na poliesta akiwa amefumba macho, alihisi kitu laini na chenye maji kikimpitia shingoni taratibu, kama mtu anayepima nguo kabla ya kuikata, kikashuka mpaka kwenye mikono yake, kikakichukua kile kifuniko kwa adabu, na upande wa pili mumewe akasema, "Ahsante."

Kopo likafungwa. Wakawasha taa. Walikuwa wawili tu.

Dawa ilipomwagwa na ukanda kuoshwa, mshonaji aliunyakua akauinua kwenye balbu. Mwanamke alikuwa katika picha zote kumi na mbili.

"Umempa ufunguo!" alisema kwa sauti ya chini. "Nilifunga, naye alikuwa ndani! Tazama anavyonicheka, meno meupe pee!"

"Meupe?" Mumewe alisogea. "Mtazame binti yetu. Meno yake yana rangi gani?"

"Meusi. Kama mkaa."

"Na nywele?"

"Nyeupe."

"Kwenye ukanda kila kitu hugeuka. Palipo na mwanga huwa peusi. Wewe ungegeuka, mimi ningegeuka." Akamwelekezea kidole yule mwanamke. "Huyu hakugeuka. Si mwanga uliomleta hapa."

Mshonaji aliketi kwenye ukingo wa beseni. Siku zote zile alikuwa amejiandaa kumchukia mtu, akampangia sura, umri na mtaa anakotoka, na sasa chuki ile haikuwa na mahali pa kwenda, ikarudi kwake ikiwa aibu. Akamshika mumewe mkono.

"Nisamehe, baba. Nilidhani nina mke mwenza."

Blanketi la dirishani likavimba polepole kuelekea ndani, na nyuma yake sauti ya kike, yenye haya, kama ya bibi harusi aliyeruhusiwa kusema kwa mara ya kwanza, ikajibu:

"Hukukosea, dada."