Kiti cha Abiria

Harufu ya petroli ndiyo iliyotangulia. Ilianzia chumba cha pacha, ambacho baba yao alikigeuza karakana yake ya vigari tangu wasichana hao wapelekwe shule ya bweni, na humo ndani hapakuwahi kuingia hata tone moja la petroli. Palikuwa na gundi, rangi na vumbi la msasa, harufu ambazo mkewe alishazizoea kama alivyozoea mikoromo yake. Hii ilikuwa nyingine kabisa. Ilikuwa harufu ya gari lililotoka safari sasa hivi, injini imezimwa, chuma bado kina moto.

Mama Pacha alifungua madirisha, akachungulia nje aone kama kuna jirani aliyeegesha gari ukutani kwao. Hapakuwa na gari. Akamuuliza mumewe, aliyekuwa ameketi ukingoni mwa kitanda akishindwa hata kuvaa soksi ya pili. Mumewe akasema yeye hasikii harufu yoyote, na kwamba mtu akichoka na pua yake nayo huchoka.

Mtaani walimwita Fundi Meno. Kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia. Madaktari walimletea chapa za vinywa vya wagonjwa wao, naye akachonga nta, akamimina plastiki ya waridi ya fizi, akapanga jino baada ya jino, akasugua mpaka yang'ae. Kutwa nzima ameinamia vinywa vya watu asiowajua. Ungedhani mtu wa kazi hiyo akirudi nyumbani angetaka kutazama kitu kikubwa, hata ng'ombe, apumzishe macho. Yeye alirudi akainamia vitu vidogo zaidi. Aliunda magari ya zamani, yale yenye taa za duara na bampa za kumeremeta, madogo kiasi cha kukaa kiganjani. Viti alivishona kwa vipande vya glavu kuukuu za ngozi. Namba za spidi alizichora kwa brashi aliyoinyoa ikabaki na unywele mmoja.

Mkewe alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Alipenda kusema kwamba yeye amechoshwa na wadogo wanaopiga kelele, mumewe amechoshwa na wadogo wasiosema neno, basi wakionana jioni ni magofu mawili yanasalimiana.

Gari la mwaka huo lilikuwa la kijani, la milango minne, lenye boneti ndefu na kiti kimoja kirefu mbele kama benchi. Hakulinunua likiwa vipande ndani ya boksi, kama alivyofanya kwa mengine. Kila kitu alikikata mwenyewe. Alilifikisha nusu, kisha kazini mwenzake akaacha kazi, kazi ya mafundi wawili ikawa ya mmoja, na gari likabaki mezani bila milango wala usukani. Jioni alikaa mbele yake, kibano mkononi, mpaka kichwa kikaanguka kifuani.

Asubuhi moja akakuta usukani umewekwa.

Aliutazama kwa kioo cha kukuzia. Ulikuwa kazi safi kuliko alivyozoea kufanya yeye. Ulikuwa umechubuka sehemu mbili, pale mikono ya dereva inaposhika, mchubuko wa miaka mingi. Akajiambia aliufanya mwenyewe jana akiwa kwenye usingizi wa mang'amung'amu, akasahau. Asubuhi nyingine akakuta mlango. Halafu dashibodi, na mishale yake yote. Baadaye alikuja kumwambia mkewe ukweli, kwamba hakuogopa hata kidogo. Alishukuru. Ni nani tena aliyewahi kumpunguzia kazi?

Lakini kadiri gari lilivyosonga mbele, mwenyewe alirudi nyuma. Aliamka hoi, mabega yamekufa ganzi, vidole vimejaa mikato midogo asiyojua ilikotoka. Akakonda, shati likaanza kumning'inia. Kazini aliweka meno ya juu kwenye taya la chini, daktari akamrudishia na maneno makali, naye akayasikiliza kama yanasemwa kwa mtu mwingine. Mkewe alimshauri aende hospitali. Alikwenda, wakampima damu, wakamwambia apumzike. Alicheka njia nzima kurudi nyumbani, kicheko cha mtu asiye na nguvu ya kulia.

Mama mkwe wake alipokuja kuwatembelea, walimtandikia chumba cha pacha. Kesho yake akahamia sebuleni bila kutoa sababu. Mchana, Fundi Meno akiwa kazini, alimvuta bintiye jikoni na kumwambia kwa sauti ya chini kwamba ndani ya kile chumba kuna kitu kinanguruma. Si kwa nguvu. Kinanguruma kama paka aliyeshiba, halafu kinanyamaza, halafu mtu anakohoa.

"Labda ni jirani, mama."

"Jirani yuko nyuma ya ukuta. Huyu alikohoa mezani."

Jumapili ndipo walipoona kwa macho yao. Walikuwa wamemaliza kula mchana, Fundi Meno amelala kwenye kochi mdomo wazi, mkewe anasahihisha madaftari, mama yake anafuma. Fundi Meno akainuka. Macho yalikuwa yamefumbwa. Alivuka sebule bila kugusa kiti wala meza, akaingia chumba cha pacha, na harufu ya petroli ikatoka kumlaki mlangoni.

Wanawake wawili walimfuata wakiwa wameshikana mikono kama watoto, wakasimama kizingitini, na Mama Pacha akamwona mumewe ameketi mezani na macho yake yaleyale yaliyofumbwa, anafanya kazi kwa mkono wa kulia, yeye ambaye tangu azaliwe alishika kijiko, kalamu na tupa kwa mkono wa kushoto, na mkono ule wa kulia ulikwenda haraka, bila kusita, ukichonga kipande cha plastiki ya waridi ya fizi, kisicho kikubwa kuliko punje ya haragwe, huku kifua chake kikipanda na kushuka kwa pumzi nzito zisizo zake, pumzi za mtu mnene aliyepanda ngazi nyingi, mpaka kile kipande kikatoa kichwa, kikatoa mabega, kikakunja magoti, na alipokigeuzia dirishani kukiangalia vizuri, mkewe akaona kwamba kile kijitu kilikuwa na paji la uso la mumewe, na mashavu ya mumewe yaliyobonyea, na kimefumba macho.

Akakitia gundi, akakikalisha kwenye kiti cha mbele, upande wa abiria. Upande wa dereva hapakuwa na mtu.

Kisha akasema, kwa sauti ya kunong'ona iliyotoka chini sana, kama mtu anayembembeleza mtoto, "Bado kidogo tu. Tukiondoka hutachoka tena."

Mama Pacha alitaka kumtikisa. Mama yake akamzuia, akatikisa kichwa. Walisimama pale mpaka yule mtu akaweka kibano chini, akarudi kwenye kochi, akaendelea kukoroma.

Mama mkwe hakungoja ushauri wa mtu. Alimjua mganga mmoja wa kike ambaye watu walimwita Shangazi, na alirudi naye kesho yake alasiri. Shangazi alikuwa mtu mzima, mwenye miguu iliyovimba. Kitu cha kwanza alichoomba ni kiti, cha pili ni maji. Alisema hii ni nyumba ya tatu kuingia siku hiyo, na kwamba majini nao siku hizi hawana adabu ya kupishana. Alimkalisha Fundi Meno mbele yake, akaliweka lile gari la kijani kwenye meza ndogo katikati yao, akalitazama kwa muda bila kuligusa. Akauliza mfano wake aliutoa wapi.

Fundi Meno akaeleza taratibu, kama mtu anayekumbuka ndoto. Nyuma ya kazini kwao kuna uwanja wa vyuma chakavu, na katikati ya uwanja huo liko gari la kijani lililooza, milango yote imeshikwa na kutu. Alikuwa akienda kulipima saa ya chakula. Siku moja alijipenyeza kwa nafasi ya kioo cha nyuma, akakaa mbele upande wa abiria ili apime dashibodi, akapitiwa na usingizi. Tangu pacha wazaliwe hakuwahi kulala usingizi kama ule. Alipoamka alijikuta ameegemea, ilhali pale hapakuwa na kitu cha kuegemea.

"Ukasema nini ulipoamka?" Shangazi akauliza.

"Nilisema laiti ningepata mtu wa kunimalizia kazi, ningekuja kukaa humu siku zote."

"Ulisema moyoni au kwa mdomo?"

"Kwa mdomo."

Shangazi akashusha pumzi. "Basi alikusikia."

Akaweka ubani juu ya makaa, moshi ukapanda, akaanza kusema maneno yake polepole bila kupaza sauti. Hapakuwa na kelele wala mtu kuanguka chini. Fundi Meno alifumba macho tu, na mkono wake wa kulia ukajinyoosha ukalala juu ya paa la kigari. Pumzi nzito zikaanza. Chumba kikajaa petroli mpaka ubani usisikike.

Shangazi akauliza anataka nini. Sauti ikajibu kwamba haitaki kitu, imechoka. Ilikuwa dereva wa safari ndefu, gari likafia njiani, likavutwa likaletwa pale, na wenye gari hawakurudi. Imekaa na kukaa. Huyu alikuja mwenyewe akaegemea bega lake. Aliomba asaidiwe, akasaidiwa. Sasa ni zamu yake kuja kukaa, kama alivyosema.

"Ukiondoka naye atakufa," Shangazi akasema.

"Atapumzika."

Neno hilo lilipotajwa, machozi yakachuruzika chini ya kope za Fundi Meno zilizofumbwa, na Mama Pacha akayatambua kuwa ni machozi ya mumewe, si ya yule mwingine. Hapo ndipo hofu ilipompata barabara. Aliona kwamba mumewe anasikia kila kitu, na kwamba hapingi. Akaja akapiga magoti, akaushika ule mkono wa kushoto uliokuwa umelala bure pajani.

"Baba Pacha," akasema, "najua umechoka. Mimi pia nimechoka. Lakini uchovu wako ni wa nyumba hii, hatumpi mgeni. Kitoe hicho kijitu."

Shangazi akasema lazima akitoe mwenyewe, na kwa mkono wake mwenyewe, la sivyo ni kazi bure. Mkewe akampa kibano. Mkono wa kushoto ulipanda, ukafika mlangoni mwa kigari, ukasimama. Ukarudi chini.

"Niache kidogo tu," Fundi Meno akasema, na safari hii ilikuwa sauti yake. "Kidogo tu, Mama Pacha."

Mkewe aliendelea kuushika mkono ule kwa chini, bila kuusukuma, mpaka ukapanda tena. Kibano kikaingia dirishani, kikakibana kijitu kiunoni, kikavuta. Gundi ilikuwa imeshika. Alipovuta kwa nguvu mguu mmoja ukakatikia ndani, na Fundi Meno akatoa mguno, akashika goti lake. Goti hilo halikupata kupona sawasawa. Shangazi alikipokea kijitu akakidondosha kwenye makaa, kikayeyuka, na harufu ya plastiki ikamaliza ile ya petroli.

Alisema kazi haijaisha. Dereva arudishiwe gari lake, na jua lisizame kabla.

Walikwenda wanne, Fundi Meno akichechemea, mkewe amebeba kigari ndani ya kitambaa. Mlinzi wa uwanja aliwaona wanawake watatu na mgonjwa, akadhani wamepotea njia ya hospitali, akawaacha wapite. Gari la kijani lilikuwa pale kati ya marundo ya mabati, limezama kwenye majani mpaka nusu ya magurudumu. Shangazi akapitisha mkono kwenye dirisha lililovunjika, akakiweka kigari juu ya usukani. Springi za kiti zikalia, moja baada ya nyingine, na upande wa dereva wa kile kiti kirefu ukabonyea.

"Tuondoke," Shangazi akanong'ona. "Asiage mtu."

Waligeuka. Nyuma yao wakasikia chuma kinakwaruza chuma, taratibu, bila haraka yoyote. Mlango wa abiria, ule ulioshikwa na kutu miaka nenda miaka rudi, ulikuwa unafunguka. Ukafunguka wote, ukatulia. Ndani hapakuwa na uozo. Kiti kilikuwa cha ngozi laini, kimefutwa vumbi, na jua la jioni limelala juu yake kama shuka.

Fundi Meno akapiga hatua moja kuelekea pale. Hakuvutwa na mtu. Alikwenda kama mtu anavyokwenda kitandani kwake. Akapiga ya pili, na mkewe akamdaka shati kwa nyuma, akalisokota mkononi, akaegemea upande wa pili kwa uzito wake wote mpaka vifungo viwili vikakatika. Walitoka uwanjani hivyo hivyo, yeye akimburuta, mumewe akigeuza shingo.

Nyumbani alilala kwenye kochi akiwa na viatu. Alilala usingizi wake mwenyewe, wa kukoroma na kujigeuza, na uso wake ukaanza kurudiwa na rangi. Shangazi alikunywa maji mengine, akasema hapa pamekwisha, akaenda zake nyumba ya nne. Mama mkwe alikusanya majivu, akafungua madirisha yote. Hewa ilikuwa safi.

Akamwambia bintiye aliachie sasa shati la mumewe, akajinyooshe. Mama Pacha akaitikia kwamba sawa, atalala. Lakini aliendelea kukaa sakafuni kando ya kochi, ngumi imesokota lile shati, macho yamemtoka. Hakumwambia mama yake kwamba pale uwanjani naye alikitazama kile kiti. Kilikuwa kipana. Pale kando ya dereva wangetosha watu wawili.